Mwezi wa Siku Ishirini na Nane

Ndugu yangu Swafwan alikuja kunipa mkono wa Idi mimi ningali nimefunga. Hebu fikiria! Kanzu imenyooka kwa pasi, kofia mpya, udi unamtangulia mlangoni, na mimi nimekaa kibarazani kwangu Ukunda, midomo imenikauka, saumu ya ishirini na tisa imenikaa kooni, nangoja mwezi wa jioni.

"Idi mubaraka, dada."

"Kwenu," nikamjibu. "Kwetu bado."

Tumetoka tumbo moja, mimi na Swafwan, kule Vanga, lakini mwezi tunafuata miwili. Yeye anakaa Shimoni, na msikiti wake hufuata tangazo la mwezi ulioonekana ng'ambo. Sisi wa mtaa wangu tunangoja uonekane hapa kwetu, na watu tunaowajua kwa majina. Kila mwaka tunateta, na kila mwaka tunaishia kucheka. Siku ile ningeuacha mzaha upite hivyo hivyo, lakini yeye akaketi, akajipepea kwa kofia, akasema:

"Na kazi yako ya leo nishakufanyia. Nilijua wewe umefunga na ofisi mmeifunga, nikaona mtambo utalala na Ramadhani yenu. Basi leo alfajiri nimeingiza mwezi mosi."

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikatika.

"Umeingiza wapi?"

"Kwenye mtambo. Kwa ile faili ninayotuma kwa simu kila asubuhi."

"Ukakubali?"

"Ukakubali, ukanishukuru na kunishukuru. Kwani vipi?"

Nikasimama. Nikaketi. Nikasimama tena.

Ngoja nieleze mtambo wenyewe. Idi hiyo ilikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na tisa, na tangu mwaka uliotangulia watalii walikuwa wamepungua Diani hata wahudumu wa hoteli wakawa wanahudumiana wenyewe. Wenye mashua na wenye nyumba ndogo za wageni wakaunda umoja wao, na umoja ukataka tovuti. Tulioijenga ni wawili, mimi na Mwau. Mwau ni Mkamba wa Mkongani, mzaliwa wa huku huku, kichwa chepesi, mbishi wa kupindukia. Tovuti nyingine za wakati ule zilikuwa picha ya mnazi na namba ya simu. Yetu ilikuwa na mtambo nyuma yake: unaandika habari kwenye fomu ya kompyuta, unabonyeza, ukurasa unajibadilisha wenyewe. Na ukurasa uliopendwa kuliko yote ni ule wa Maji ya Leo. Unakwambia bahari inakupwa saa ngapi, ili mgeni ajue lini atembee kwa miguu hadi kwenye fungu, lile tuta la mchanga linalotokea katikati ya bahari maji yakikauka. Hoteli zilikuwa zikiuchapisha kila asubuhi na kuubandika mapokezi.

Hesabu ya maji niliileta mimi kutoka kwa baba yangu, nahodha. Maji hufuata mwezi. Mwezi mosi yanakupwa saa fulani, na kila siku inayoongezeka yanachelewa karibu saa nzima. Kwa hiyo mtambo haukutaka mambo mengi. Uliniuliza jambo moja tu, mara moja kwa mwezi: mwezi umeandama lini? Mengine ukahesabu wenyewe.

Sasa, mwezi wetu una siku ishirini na tisa au thelathini. Wa ishirini na nane hakuna, wa thelathini na moja hakuna. Mtoto wa chuo cha Kurani asiyejua kufunga kifungo cha kanzu anajua hilo. Nilimwambia Mwau, naye akaweka ulinzi kwenye fomu ya skrini yangu: nikiandika tarehe ya ovyo, fomu inakataa papo hapo. Nikamwambia hapana, usiweke hapo tu, weka ndani kabisa, pale mtambo unapoambiwa mwezi ni kitu gani. Yeye hupaita modeli. Nikamwambia nyumba yetu ina mlango wa mbele na mlango wa uani, na wewe umeweka bawabu mbele tu.

"Hafswa, mlango wa uani uko wapi?" akaniuliza. "Anayeingiza mwezi ni wewe peke yako."

Baadaye umoja ukataka Swafwan atume habari za mashua za Shimoni kwa faili, kwa njia ya simu, moja kwa moja hadi ghalani mwa mtambo, bila skrini wala fomu. Mlango wa uani huo! Nikamuuliza Mwau, na mwezi je? Akanyanyua mabega. "Swafwan ahangaike na mwezi wa nini? Nitaweka nikipata nafasi." Mwau na nafasi, lo!

"Swafwan," nikasema, "Ramadhani mtambo niliuanza kwa mwezi wetu. Ulionekana siku moja nyuma ya wenu."

"Naam."

"Na wewe Idi umeiingiza kwa mwezi wenu."

Akafumba jicho moja, akahesabu kwa vidole. Vidole vikagoma.

"Ishirini na nane," akasema. "Astaghfirullahi."

"Basi mtambo umeruka mbele siku moja au mbili, na leo ukurasa unasema maji yanakupwa saa tano. Ulipotoka Shimoni asubuhi, bahari ilikuwaje?"

Sasa kofia akaiweka chini. "Ilikuwa imekwenda mbali, dada. Saa mbili ile, na ilikuwa imebaki kidogo tu kukauka."

Kumbe maji halisi, ambayo hayasikilizi tangazo la mtu, yalikuwa yamekauka saa tatu u nusu na sasa yanarudi. Na kila hoteli ya Diani imebandika karatasi inayosema saa tano. Ilikuwa saa nne na robo. Mtu aliyeiamini karatasi ile alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu.

"Washa pikipiki," nikamwambia.

Ofisi ilikuwa karibu, na nyuma yake ndiko alikokaa Jecinta, katibu wa umoja, mwanamke wa bara aliyekuja kufanya kazi ya hoteli akabaki. Tulimkuta anapika chai. Harufu ya tangawizi ikanipiga, nikajikaza.

"Jecinta, pigia hoteli zote. Waambie wabandue karatasi. Maji yanapanda."

"Ati? Lakini Mwau amepita hapa sasa hivi tu akachungulia ukurasa, akasema mambo poa, saa tano kamili." Akakoroga chai. "Yuko na mamake. Anampeleka kwenye fungu."

Nikamkamata Swafwan begani.

Mama yake Mwau, Mama Kavindu, alikuwa na shamba Mkongani miaka na miaka. Zilipotokea zile ghasia za tisini na saba, za kuwafukuza watu wa bara, nyumba yao ikaungua, naye akarudi kwa nduguze Machakos, akaapa Pwani hatakanyaga tena. Mwau alijenga upya. Akaezeka mabati, akachimba hata choo, akabembeleza mwaka mzima, na mwishowe mama akakubali kuja kuona, wiki moja tu. Wiki ilikuwa inakwisha. Basi lake la kurudi lilikuwa la kesho yake. Na mama huyu, aliyelima huku muda wote huo, hakuwahi hata mara moja kuingiza mguu baharini. Mwau alikuwa ameniambia, macho yanamng'aa: nikimpa siku moja nzuri, Hafswa, moja tu, atabaki.

Kuogelea, mama hajui. Mwau naye hajui, mtu wa vilima yule.

"Piga simu!" nikamfokea Jecinta, kama kwamba kosa ni lake, maskini. Naye alikuwa keshashika mkono wa simu.

Njia nzima mimi na ndugu yangu tuliteta. Pikipiki inaruka mashimo, buibui langu nimelikusanya mapajani, na upepo wote wa kaskazi unaingia kooni.

"Ungeniuliza kwanza!"

"Nilidhani ningekosea ungekataa! Si mnasema mtambo una akili?"

"Akili iko kwenye skrini yangu, wewe umepitia uani!"

"Nani aliniachia uani wazi?"

Nikampiga ngumi ya mgongo, akaongeza mwendo. Tukatokea ufukweni, tukaiacha pikipiki imelala mchangani.

Waliokuwa kwenye fungu walikuwa wanarudi mbio, wazungu wawili watatu wameinua kamera juu, bawabu wa hoteli moja anawapungia kitambaa. Jecinta alikuwa amefanya kazi yake. Nikashusha pumzi. Kisha nikatazama mbali zaidi, kwenye ncha ya kusini ambako hakuna hoteli wala bawabu, nikawaona. Mwau, miwani machoni, amekunja suruali hadi magotini. Mamake amefunga leso kiunoni, viatu ameshika mkononi. Kati yao na sisi, ule mkondo ambao kila siku watu wanauvuka maji yakiishia vifundoni ulikuwa umekuwa mpana, na ulikuwa unakwenda kwa kasi.

Nikapiga kelele. Mwau akasikia kitu, maana aligeuka, akanitambua, na unajua alifanya nini? Akanipungia mkono! Kisha akanionyesha saa yake, akagonga juu yake kwa kidole, kama anayesema, mbona una haraka, bado mapema.

"Wallahi nitamuua," nikasema.

"Tumtoe kwanza," akasema Swafwan, na akaingia majini na kanzu yake ya Idi.

Nikajifunga kibwebwe nikamfuata. Sisi watoto wa Vanga maji tumeyanywa kabla ya maziwa, lakini mkondo ni mkondo. Ulinishika kiunoni, halafu kifuani, ukawa unanisukuma ubavuni kama ng'ombe mwenye kiburi. Wimbi likanipiga mdomoni. Nikatema, nikatema tena, nikamwambia Mola saumu yangu iko mkononi mwako, mimi sasa nina kazi.

Tulipofika, fungu lilikuwa limebaki ukanda mwembamba. Mwau alikuwa ameshaelewa. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, na bado anaitazama ile saa.

"Shikamoo mama," nikasema, maana adabu haingoji kukauka.

"Marahaba," akaniambia Mama Kavindu, na sauti yake ilikuwa tulivu ajabu. "Maji haya ni ya kawaida?"

"Si ya kawaida, mama. Panda mgongoni kwa huyu ndugu yangu. Viatu tupa."

"Viatu situpi."

Akapanda na viatu vyake. Swafwan akatangulia, anamsemesha njia nzima, mama shika shingo, mama usitazame chini, mama hii ni Idi yangu usiniangushe. Mimi nikamshika Mwau mkono. Hapakuwa na wakati wa kumuuliza shehe kama inafaa kumgusa. Katikati ya mkondo mguu ukamtoka, akazama, nikamvuta kwa ukosi wa shati, akaibuka anakohoa na miwani haipo. Aliniparamia kwa mikono yote miwili. Nikamkemea kwa sauti niliyorithi kwa baba: "Mwau! Ukinikumbatia tunakufa wawili! Lala chali!" Akalala chali, mbishi yule, kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitii bila swali. Nikamkokota.

Mchangani tuliketi wanne, tunahema. Kanzu ya Swafwan ilikuwa na rangi ya tope. Nyuma yetu fungu halikuwapo tena, bahari tupu, inameta kama haijafanya lolote.

Mwau akamgeukia mamake. "Mwaitu," akasema, ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, "nisamehe. Ukurasa ulisema saa tano. Niliuangalia mwenyewe."

Mama Kavindu alikuwa anakung'uta mchanga kwenye kiatu. Akakikung'uta kimoja hadi mchanga ukaisha, akashika cha pili.

"Wewe ulikuwa unaangalia saa," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia maji. Nilichora mstari kwa kidole cha mguu tulipofika, na maji yakauvuka. Nikachora mwingine, yakauvuka. Niliona yanapanda, Mwau."

"Uliona? Sasa mwaitu, mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua."

Nikamtazama Swafwan, Swafwan akatazama miguu yake. Yeye alidhani mtambo ungekataa. Mtambo ulidhani skrini imekwisha kagua. Mwau alidhani hakuna mwingine wa kuingia. Na mama wa watu, na macho yake mawili mazima, akasimama pale maji yanampanda miguuni kwa sababu alidhani mwanawe anajua. Nilitaka kumfokea mtu, nikatafuta wa kumfokea, nikamkosa. Nikalia tu, kwa hasira.

Mwau hakutaka kwenda kubadilisha nguo. Alikwenda ofisini vile vile, suruali inachuruzika, akaketi mbele ya kompyuta, uso ameusogeza hadi pua inakaribia kioo kwa vile hana miwani. Jecinta akamvika mama kanga kavu na kumpa ile chai. Mimi nilikuwa natembea, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, siwezi kutulia.

Kwanza alifuta mwezi wa Swafwan, ukurasa ukarudi kwenye hesabu yake. Kisha hakufungua fomu. Aliingia ndani kabisa, kwenye modeli, akaandika pale: mwezi haupokelewi mpaka uliotangulia uwe umetimiza ishirini na tisa, na haungoji zaidi ya thelathini.

"Si kwenye skrini?" nikamuuliza, kwa kumchokoza.

"Si kwenye skrini. Hapa. Kila kinachoingia ghalani kitapita hapa, kitoke kwako, kitoke Shimoni, kitoke mbinguni."

"Kwa hiyo mtambo umeamua Idi yangu ni batili?" akauliza Swafwan. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya suruali ya kuazima, kanzu imeanikwa dirishani.

"Idi yako ni yako, na Mungu akutakabalie," nikamwambia. "Ila hesabu moja haiwezi kuanzia kwa mwezi wangu ikamalizikia kwa wako. Ukitaka tufuate wenu, tuanze nao mwanzo hadi mwisho."

Akafikiri. "Hapo sawa," akasema.

Mwau akamwambia aitume tena ile faili yake, ile ile ya alfajiri. Swafwan akaketi kwenye kompyuta ya pili, modemu ikapiga kelele zake za paka wawili wanaopigana. Tukangoja. Mtambo ukajibu kwa maneno ambayo Mwau alikuwa ameuwekea dakika ile: Haikupokelewa. Hakuna mwezi wa siku ishirini na nane.

Jecinta akapiga kigelegele. Mimi nikatulia, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mama Kavindu alikuwa ametusikiliza muda wote kikombe kikiwa mikononi. Akainuka, akaja akasimama nyuma ya mwanawe, akakitazama kioo kwa macho yale yale aliyotazamia maji.

"Huyu kijana umemkataza," akasema. "Na wewe je? Wewe ukiingiza uongo?"

Mwau akaingia kwa jina lake mwenyewe, jina la mwenye mtambo, linalofungua kila kitu. Akaandika mwezi mosi, leo. Akabonyeza.

Haikupokelewa.

"Hata wewe?" mama akauliza.

"Hata mimi, mwaitu."

Akanywa chai yake hadi chini. Akaweka kikombe mezani, akaviangalia viatu vyake vilivyokuwa vinakauka mlangoni.

"Basi kesho nirudishe kule kwenye mchanga," akasema. "Saa ya kweli. Na hilo basi la Machakos, liache liende."